Herufi za Cheti cha Mwaka 1981



Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike ukurasa wa historia, nilikusudia kueleza habari za reli na mgodi wa Mpanda, mambo ambayo kila mmoja wetu aliyasikia darasani na ambayo wengi wetu tumekwisha kuyasahau. Lakini katika maandalizi ya mkutano huu lilitokea jambo lililonifanya nibadili shabaha, ingawa reli na mgodi mtavikuta humu ndani. Jambo lenyewe lahusu cheti kimoja cha mwaka 1981, na hasa lahusu sura ya herufi zilizokiandika. Nimeona nilieleze kwa utaratibu, kwanza kwa sababu mna somo la historia ndani yake, na pili kwa sababu nina deni la kumwomba radhi mtu mbele yenu.

Asili ya jambo

Kama mjuavyo, kamati ilikubaliana kutengeneza ubao wa majina ya wanafunzi waliomaliza katika miaka ya mwanzo ya shule yetu. Kwa miaka yenye rejista kamili kazi ilikuwa nyepesi. Kwa mwaka 1981 kurasa kadhaa zililiwa na mchwa. Hivyo ikaamuliwa kwamba yeyote mwenye cheti cha kuhitimu kilichotolewa na shule akilete, na jina lake litaandikwa.

Vikaletwa viwili. Cha kwanza kilikuwa safi, kimefunikwa plastiki, na maandishi yake yalikuwa laini na yamepangika vizuri. Cha pili kililetwa na mzee wetu mmoja aliyesafiri kutoka upande wa Karema. Hicho kilikuwa kimekunjwa mara nne, kimegeuka rangi ya chai, na kwenye mikunjo karatasi ilikuwa inakaribia kuachana. Kichwa chake kilipigwa chapa kwa herufi nene, na jina la mwenyewe lilijazwa kwa mashine ya taipu.

Vyeti viwili vya shule moja, vya mwaka mmoja, havikufanana hata kidogo. Mmoja wetu akasema kwamba kimoja lazima kiwe cha kughushi, na bila ya mtu kutamka zaidi, sote tukatazama kile kilichochakaa. Nakiri kwamba ni mimi, mtumishi wa umma niliyezoea kushika makaratasi ya watu, niliyetoa shauri kwamba jina la mzee lisubiri. Alipoelezwa hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sitafuti kazi kwa cheti hiki wala sidai pensheni. Nimekuja niandikwe pale walipoandikwa wenzangu."

Maneno hayo yalinikaa. Sisi tulio katika utumishi tunaujua uzito wa shaka juu ya cheti. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Ilikuwa mwaka 2022 Serikali ilipoamua warejeshewe michango yao waliyokuwa wamekatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Mimi nami nilipeleka vyeti vyangu kuhakikiwa. Nilijua kwamba ni halali, na hata hivyo sikupata usingizi mzuri mpaka majibu yalipotoka. Katika uhakiki ule Baraza la Mitihani lilikuwa na kumbukumbu zake za kulinganisha. Mzee wetu hakuwa na Baraza la kumsemea. Alikuwa na karatasi yake tu, na rejista ya kumtetea ilikuwa tumboni mwa mchwa. Nikaiomba kamati wiki mbili, nikapiga picha vyeti vyote viwili, nikaanza kazi.

Herufi na ukoo wake

Tangu darasa la kwanza tunafundishwa kwamba A ni A. Lakini anayezipanga herufi kwa ajili ya chapa anajua kwamba A ina sura nyingi, na kila sura ilichorwa na mtu, mahali fulani, katika mwaka fulani, kisha ikauzwa na kusafirishwa kama bidhaa nyingine yoyote. Jamii moja ya sura hizo, kuanzia A hadi Z pamoja na tarakimu zake, ndiyo watu wa kompyuta wanayoiita fonti. Nyingine zina vijimkia vidogo kwenye ncha za mistari, kama Times New Roman, ambayo gazeti la The Times la London lilianza kuitumia mwezi wa Oktoba 1932. Nyingine hazina vijimkia kabisa, kama Gill Sans, iliyochorwa na Mwingereza Eric Gill na kutolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1928.

Faida ya jambo hili kwa mwanahistoria ni moja, nayo ni kubwa. Karatasi haiwezi kuandikwa kwa herufi ambayo haijazaliwa. Ukiijua fonti na ukaujua mwaka iliotoka, umekwisha kupata mpaka: karatasi ile haikutengenezwa kabla ya hapo, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake yasema vingine.

Herufi zilivyofika kwetu

Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa tukumbushane jinsi maandishi yalivyoingia katika nchi yetu hii ya kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kwani cheti cha mzee ni mtoto wa safari hiyo.

Maandishi ya kwanza ya Kiswahili kufika kando ya Ziwa Tanganyika yalikuja na wafanyabiashara wa pwani, na wao waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga kituo chao Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Wamisionari walikuja na vitabu vya herufi za Kilatini. Huko pwani nako mitambo ya chapa ilikuwa imekwisha kuanza kufanya kazi: Misheni ya UMCA ilikuwa na mtambo wake Unguja, na mwaka 1888 likaanza pale jarida la Msimulizi. Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza kutolewa Tanga, wakati wa utawala wa Wajerumani. Hivyo Kiswahili kilichochapwa kwa herufi za Kilatini kilizidi kuenea, na kile cha herufi za Kiarabu kikazidi kubaki katika barua na katika vitabu vya dini na mashairi.

Baadaye yakaja mambo ya mgodi. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa risasi huko Mukwamba, karibu na mji wa Mpanda wa leo. Ndugu zetu vijana wasije wakadhani ni risasi za bunduki. Nasema madini ya risasi, yaliyochimbwa pamoja na fedha, shaba na dhahabu kidogo na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, urefu wake yapata kilometa 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, lakini reli ikabaki, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wetu wa kutokea duniani. Kila kitu kilichochapwa, kuanzia gazeti na daftari hadi fomu ya serikali, kilikuja kwa treni hiyo.

Hapa pana jambo moja ambalo sikulijua nilipokuwa mwanafunzi. Herufi zilizotumika katika viwanda vya chapa kwa zaidi ya miaka mia nne zilikuwa za madini, nazo zilisubiwa kwa mchanganyiko wa bati, antimoni na, kwa sehemu iliyo kubwa kabisa, risasi. Madini yale yale yaliyouzaa mji wetu ndiyo yaliyokuwa yakiishika lugha yetu juu ya karatasi. Tulikaa juu ya risasi tukisubiri treni ituletee vitabu vilivyochapwa kwa risasi.

Na kiwanda cha chapa kikubwa kilichokuwa karibu nasi kwa njia hiyo ya reli kilikuwa Tabora. Huko Kipalapala Mapadre Weupe walikuwa na Tanganyika Mission Press, na wenye vitabu vya zamani majumbani mwao wakifungua ukurasa wa mwanzo wataziona herufi T.M.P. Huko nyuma nilikuwa nikizipita bila ya kuzitazama.

Kazi ya mtandaoni

Sasa nirudi kwenye vyeti. Katika mtandao wa intaneti ziko programu za kutambua herufi, na baadhi yake hazidai malipo. Mojawapo ni WhatTheFont, ya watu wa MyFonts. Nyingine ni Matcherator, ya Fontspring. Hizi unazipa picha ya maneno machache. Programu huzitenga herufi moja moja, huzilinganisha na zile zilizomo katika ghala lake, kisha hukuletea orodha ya zinazokaribiana nazo. Iko pia Identifont, ambayo haihitaji picha. Yenyewe hukuuliza maswali kama mwalimu. Je, herufi zina vijimkia? Mkia wa Q unakata duara au unaishia nje? Herufi g ina tumbo moja au mawili? Kila jibu hupunguza idadi, mpaka yabaki majina machache.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilipiga picha usiku, chini ya taa, karatasi ikiwa imeinama na kivuli cha mkono wangu kimeangukia maandishi. Programu ikaniletea majina kadhaa yasiyokuwa na udugu wowote kati yao. Nikajifunza kwamba picha lazima ipigwe mchana, kamera ikiwa juu ya karatasi sawasawa; mistari iwe imenyooka; herufi zisigusane; na ukate maneno machache yenye herufi zilizo na sifa, maana herufi kama I au O hazisemi mengi.

Katika cheti cha mzee, chini ya kichwa, palikuwa na mstari uliochapwa maneno "Michezo na shughuli nyingine". Nikaukata mstari huo na kuupeleka. Mara hii orodha ilikuja na Gill Sans juu kabisa, ikifuatwa na ndugu zake. Sikutaka kuiamini mashine peke yake, kwa hiyo nikaenda kwenye maswali ya Identifont na nikatazama mwenyewe. Herufi ndogo g ilikuwa na matumbo mawili, kama miwani iliyosimamishwa wima. Herufi t ilikuwa imekatwa mshazari kichwani. Herufi kubwa R ilinyoosha mguu wake mbele. Na pale palipochapwa "19" na kufuatiwa na nukta, ili karani ajaze mwaka, tarakimu ya 1 ilikuwa fimbo tupu, haina tofauti na herufi kubwa I. Hizo zote ni alama za Gill Sans. Kampuni ya reli ya LNER ya Uingereza iliichagua fonti hiyo mwaka 1929, na shirika la British Railways likaichukua baada ya mwaka 1948. Kutoka huko ilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kuiona katika cheti kilichochapwa Tanzania kabla ya mwaka 1981 si ajabu hata kidogo.

Ndipo nikakipeleka cheti kile safi. Jibu lilikuja upesi, na halikuwa na shaka: Calibri. Nikakuza picha na kutazama ncha za herufi; zote zilikuwa zimeviringwa, kama kijiti cha kiberiti kilichosuguliwa, na hiyo ndiyo dalili yake mashuhuri. Calibri ilichorwa na Mholanzi Lucas de Groot kwa ajili ya kampuni ya Microsoft, na umma uliipata mwezi wa Januari 2007 pamoja na Windows Vista na Office 2007. Cheti kilichosema 1981 kiliandikwa kwa herufi iliyotoka miaka 26 baadaye.

Nilikaa kimya kwa muda. Tulikuwa tumekitumia kile kipya kuwa kipimo cha kukihukumia kile cha zamani.

Tahadhari kutoka Pakistani

Ningeweza kukimbilia kwenye kamati na kutangaza kwamba mghushi amepatikana. Nilizuiwa na habari iliyotokea mbali. Mwaka 2017 huko Pakistani, katika kesi iliyotokana na Nyaraka za Panama, Maryam Nawaz, binti wa Waziri Mkuu Nawaz Sharif, alitoa hati zenye tarehe ya mwezi wa Februari 2006. Mtaalamu wa hati wa London akaeleza wachunguzi kwamba zimeandikwa kwa Calibri, fonti ambayo wakati huo ilikuwa haijatolewa kwa umma. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Upande wa utetezi nao ukajibu kwamba matoleo ya majaribio ya fonti hiyo yalikuwa yamekwisha kuwafikia baadhi ya watu. Mwaka 2018 mama huyo alitiwa hatiani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Islamabad ikamwachilia.

Sina haja ya kuamua kesi ya watu wengine. Ninachokiona ni kwamba fonti hujibu swali moja tu: karatasi hii haikutengenezwa kabla ya lini? Haisemi nani aliitengeneza, wala kwa nia gani, wala kama maneno yaliyomo ni ya kweli. Mambo hayo lazima uyaulize mahali pengine. Na vivyo hivyo kwa mzee wetu: Gill Sans haikuthibitisha kwamba alisoma kwetu. Ilionyesha tu kwamba cheti chake kiliweza kuwa cha wakati ule. Fonti hiyo ipo katika kompyuta nyingi leo, na mwenye nia mbaya angeweza kuitumia.

Ushahidi wa vidole na wa herufi k

Basi nikaomba kukiona tena cheti chenyewe, si picha. Nikakigeuza nyuma na kupitisha kidole. Palikuwa na mabonde na vilima vidogo, kichwa chote kinaweza kusomwa kwa ncha ya kidole kama mtu anayesoma gizani. Hiyo ni kazi ya herufi za risasi, ambazo hukandamizwa juu ya karatasi kwa nguvu. Mashine ya kompyuta hulaza wino bila ya kuacha bonde. Karani mstaafu wa shule yetu, nilipomwendea nyumbani, alinieleza kwamba fomu tupu za vyeti zilikuwa zikija kwa treni kutoka Tabora, zimefungwa mafungu kwa kamba ya katani, na yeye akizijaza kwa taipu majina, mwaka na alama za tabia.

Nikamwonyesha maneno yaliyojazwa kwa taipu. Akavaa miwani, akacheka. "Hii k naijua," alisema. Na kweli, katika kila neno herufi k ilikuwa imekaa juu ya mstari kidogo na kuinama upande wa kushoto. Mkono wa herufi hiyo ulipinda baada ya mashine kuangushwa, na kwa kuwa Kiswahili hakiandikiki bila ya k, karani aliishi na kilema hicho miaka mingi. Hapa programu za mtandaoni haziwezi kukusaidia. Zinaweza kukuambia kwamba maandishi ni ya taipu, kwa sababu kila herufi imepewa nafasi sawa, i kama m. Lakini haziijui mashine iliyoangushwa katika ofisi ya shule moja ya Mpanda.

Kwa idhini ya mkuu wa shule tukafungua majalada ya zamani. Barua za shule za mwaka 1980 hadi 1982 zote zilikuwa na k ile ile, imepanda na kuinama. Na ndani ya jalada moja tukakuta orodha ya vifaa vya shamba la shule, iliyopigwa kwa mashine hiyo hiyo mwaka 1981: majembe 42, mapanga 11, ndoo 9. Chini yake, mahali pa kiranja wa stoo aliyekabidhi, palikuwa na jina la mzee wetu na sahihi yake.

Na vyeti vyote viwili, niseme pia, viliandikwa Mkoa wa Rukwa, na hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa Mpanda ilikuwa chini ya Rukwa tangu mwaka 1974 hadi Mkoa wetu wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Mtu angeweza kuitumia alama hiyo kuwa ushahidi, na angekosea, kwa sababu hata nakala iliyoandikwa baadaye huweza kunukuu maneno ya zamani neno kwa neno.

Mwenye cheti safi

Sasa mtauliza habari za yule mwingine. Nilimpigia simu, nikamweleza taratibu nilichokiona, tena nikiwa nimejiandaa kusikia hasira. Hakukasirika. Alisema nyumba yake iliingia maji wakati wa mvua, cheti kikaharibika, naye akaja shuleni kuomba kingine. Aliandikiwa upya kwa kompyuta ya ofisi, tarehe ikawekwa ile ya zamani, na hakuna aliyefikiri kuandika neno "nakala" pembeni. Hakutuficha, sisi hatukumuuliza. Jina lake lilikuwamo katika kurasa zilizosalimika za rejista, jambo ambalo tungeliona siku ya kwanza kama tungetazama rejista kabla ya kutazama plastiki.

Kwa hiyo hapakuwa na mghushi. Palikuwa na watu wawili wakweli na kamati moja yenye haraka. Tulikiona kilicho safi tukakiita halali, tukakiona kilichochakaa tukakitilia shaka. Kumbe karatasi iliyokaa mfukoni na sandukuni miaka zaidi ya arobaini ndiyo ilipaswa kuchakaa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nimeyaona.

Nilimpigia simu mzee siku ile ile. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza habari za jalada na orodha ya vifaa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza majembe yameandikwa mangapi. Nikamwambia 42. Akasema, "Yalikuwa 43. Moja lilivunjika wiki ile, na mwalimu alisema tusiliandike." Sikuwa na swali jingine.

Jina lake litakuwamo katika ubao, mahali pake. Radhi niliyomwomba kwa simu naiomba tena hapa kwa maandishi, kwa kuwa shaka niliitia mbele ya watu.

Tunalopaswa kufanya

Ndugu zangu, nimejifunza mambo matatu ambayo napenda kuyapendekeza kwa mkutano.

Kwanza, kila mwenye karatasi ya shule ya zamani, iwe cheti, ripoti ya muhula, ratiba ya mahafali au barua ya karo, aje nayo. Tutaipiga picha mchana, pande zote mbili, na kumrudishia mwenyewe. Karatasi moja peke yake ni yatima. Zikiwa ishirini zinashuhudiliana.

Pili, shule ikitoa nakala ya cheti kilichopotea, iandike wazi kwamba ni nakala, na iweke tarehe ya siku iliyotolewa. Mstari mmoja tu ungetuepusha na aibu yote hii.

Tatu, majalada yaliyobaki yatolewe kwenye stoo ya saruji na kuwekwa mahali ambapo mchwa hawafiki. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inazitambua kumbukumbu za umma kuwa mali ya kutunzwa, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo kwa kazi hiyo. Si vema tusubiri mpaka jalada la mwisho lenye k iliyopinda liwe vumbi.

Kuhusu ubao wenyewe, kamati iliniuliza tutumie herufi gani. Wengine walitaka Gill Sans, kwa heshima ya cheti cha mzee. Mimi nimependekeza fonti iitwayo Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma, na jina lake ni neno la Kiswahili. Katika Andika herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1 kila moja ina sura yake, na mtoto hazichanganyi. Wajukuu zetu watakaposimama mbele ya ubao ule wataweza kusoma kila jina na kila mwaka bila ya kukisia. Na nyuma ya ubao, kwa pendekezo la karani wetu mstaafu, tutaandika mwaka uliotengenezwa, ili atakayekuja kuzichunguza herufi zake asipate taabu niliyoipata mimi.